Mwanangu, kuhusu makipa wa chini ya miaka 15

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na swali lako nimelisoma nikalirudia. Unasema kituo kimoja cha vijana hapo mjini kimekuomba ukawafundishe makipa wa chini ya miaka 15, nawe unaniuliza: "Baba, nikikubali si ndiyo nimekiri kwamba nimeshindwa? Misimu yote hii nimekaa benchi, nitawafundisha nini?"

Nitakujibu, ila nianze na kipa wa Japani, Yoshikatsu Kawaguchi.

Wanaomkumbuka wengi humkumbuka kwa siku moja: tarehe 21 Julai 1996, Miami, michezo ya Olimpiki. Alikuwa na miaka 20. Brazil, wakiwa na akina Bebeto, Rivaldo na Roberto Carlos, walipiga mashuti 28 na hakuna lililoingia. Japani walipata goli lao pale kipa Dida na beki wake Aldair walipogongana wakigombea mpira mmoja, Ito akausukumia wavuni. Moja bila. Pamoja na ushindi ule, Japani hawakuvuka kundi. Waliovuka ni Brazil na Nigeria, na unajua Nigeria walirudi nyumbani na medali ya dhahabu.

Mimi siamini kwamba siku ile ndiyo iliyomfanya awe na cha kuwapa vijana. Mtazame kwenye Kombe la Dunia. Mwaka 1998 alikuwa kipa namba moja. Mwaka 2002, tena kwao Japani, mechi zote alipangwa Seigo Narazaki, yeye akatazama. Wakati huo alikuwa mchezaji wa Portsmouth ya Uingereza: alianza langoni, magoli yakaingia, akatolewa. Msimu uliofuata akaja kipa mwingine, Shaka Hislop, na timu ikapanda Ligi Kuu huku Kawaguchi hana mechi za kuhesabu. Akahamia Denmark, na huko pia hakucheza sana.

Halafu 2010, Afrika Kusini. Mwaka uliotangulia alikuwa amevunjika mguu. Kocha Okada akamchukua kama kipa wa tatu, akamfanya kiongozi wa kikosi kizima. Eiji Kawashima akadaka, Narazaki akakaa benchi, na Kawaguchi, mtu mwenye mechi zaidi ya 100 za timu ya taifa, hakugusa mpira hata dakika moja kwenye mashindano yale.

Amekaa viti vyote vitatu, mwanangu. Na kazi yetu hii ndivyo ilivyo: wanaenda makipa watatu, anacheza mmoja. Mshambuliaji wa akiba ataingizwa dakika ya 70. Kipa wa akiba anaweza kumaliza msimu bila kucheza. Nimekuona mwenyewe kabla ya mechi ukimpigia krosi kipa wa kwanza, kulia, kushoto, kisha mashuti ya chini ili mikono yake ipate moto, kisha unakusanya mipira, unavaa jaketi, unakaa. Kazi ile mashabiki hawaioni. Kipa wa kwanza anaiona.

Liko na jingine ningependa vijana wako walisikie. Ujerumani 2006, mechi na Australia, Japani wanaongoza moja bila, dakika ya 84. Mpira mrefu ukarushwa ndani ya boksi, Kawaguchi akatoka langoni, hakuupata. Cahill akasawazisha, na mpaka filimbi ya mwisho ikawa tatu kwa moja. Siku sita baadaye, Nuremberg, Croatia wakapata penalti. Srna akapiga, Kawaguchi akaipangua, mechi ikaisha bila goli. Mtoto wa miaka 13 aliyefungwa goli la kizembe Jumamosi anahitaji mtu wa kumwambia afanye nini Jumapili, Jumatatu na Jumanne, na anayeweza kumwambia ni aliyewahi kulala na goli la namna hiyo.

Alistaafu 2018, akiwa na miaka 43, kwenye timu ya daraja la tatu, SC Sagamihara. Akaingia Shirikisho la Soka la Japani kufundisha makipa wa timu za taifa za vijana. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, 2021, ndiye aliyekuwa kocha wa makipa. Kosei Tani akadaka, akaokoa penalti kwenye mikwaju dhidi ya New Zealand, Japani wakafika nusu fainali. Miongoni mwa makipa wa akiba alikuwamo kijana wa miaka 18, Zion Suzuki, ambaye baba yake ni Mghana. Naye baadaye akasimama langoni mwa timu ya wakubwa.

Basi jibu langu: kubali. Hujashindwa. Miaka yako ya benchi imekufundisha jambo ambalo kipa asiyewahi kukosa namba halijui, na kwenye kila kundi la vijana makipa wengi watakaa benchi kabla ya kucheza.

Ila kabla hujawajibu, waulize wana makipa wangapi, na kama watakuachia muda wako peke yako nao. Vituo vingi humweka kipa golini apigiwe mashuti na wenzake, wakaita hayo mazoezi. Usikubali hilo. Omba walau nusu saa kila siku ya mazoezi, ya miguu, ya kutoka kwenye krosi na ya kuanguka bila kuumia bega. Na kila mtoto adake, yule dhaifu kwa dakika zile zile za yule hodari.

Mama yako anakusalimu, anauliza glavu zako za zamani azitume kwa basi au utazifuata mwenyewe.

Baba yako