Kachanjwa flu, wiki haijaisha kamasi zinamtoka: chanjo imemuumiza?

SWALI: Daktari shikamoo. Nipo Tanga, nina watoto watatu, wa miaka 9 (ana pumu), wa miaka 3 na kichanga wa miezi 4. Mwaka jana yule wa miaka 3 tulimpeleka Dar hospitali moja ya private akachomwa chanjo ya flu dozi moja, wiki haijaisha akaanza mafua na homa. Baba yao kasema hakuna tena chanjo ndani ya nyumba hii, iwe ya flu iwe ya korona. Mama mkwe tunaishi naye, ana kisukari, yeye anasema niwape watoto siripu ya kuongeza kinga, ipo duka la hapa mtaani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama. Swali hili nalipata kila wiki, yanabadilika majina ya watoto tu, na ngoja nianze na baba watoto maana naona yeye ndo katoa amri.

Chanjo ya flu ya sindano haina kirusi hai. Haina kabisa. Kirusi kimeshauawa, kilichobaki ni vipande vyake, hakiwezi kuzaliana ndani ya mwili hata ungemchoma kila siku (usimchome kila siku). Kinachoweza kutokea ni mkono kuuma na kahoma ka siku moja mbili, basi. Sasa yale mafua yalitoka wapi? Yalitoka hukohuko yanakotokaga siku zote, chekechea, kwenye daladala, kwa binamu yake. Mtoto wa umri huo kupata mafua mara 6 mpaka 8 kwa mwaka ni kawaida kabisa na virusi vinavyoleta mafua vinazidi 200, chanjo ya flu inashughulika na influenza peke yake (ndiyo hiyo flu yenyewe), hivyo vingine haina habari navyo. Halafu kinga yenyewe inachukua kama wiki mbili kujijenga, kwahiyo hata kama siku ya tatu alikutana na influenza kweli, chanjo ilikuwa haijaanza kazi.

Ila kinachonikera sio hata hicho. Ni kipimo mnachotumia, mnapima chanjo kwa kamasi! Mtoto akipiga chafya, "chanjo haifanyi kazi". Mwaka ambao chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka inapunguza uwezekano wa mtu kuugua flu mpaka akafika hospitali kwa asilimia 40 hadi 60, sio 100, na mimi sijawahi kumwambia mtu 100. Lakini nikiwa wodini siangalii kamasi, naangalia mtoto anayevuta pumzi mbavu zinaingia ndani, wa kuwekewa oksijeni, na mwenye pumu anafika hapo haraka kuliko mwenzake. Huyo wa miaka 9 ndo nilitegemea aje wa kwanza kwenye swali lako, na wewe umemweka kwenye mabano.

Haya, tuje nyumbani kwako. Wa miaka 9, flu dozi moja kila mwaka, na kama ana ile inhela ya kuzuia asiiache kwa sababu hajabanwa siku nyingi. Wa miaka 3 kuna kitu naona hamkuambiwa: mtoto wa chini ya miaka 9 akianza chanjo ya flu anatakiwa dozi mbili zipishane angalau wiki 4, na huyu kwa vile aliishia moja, mkirudi anapewa tena mbili. Kichanga bado, inaanzia miezi 6, yeye kinga yake ni nyie mnaombeba na kumbusu, na wewe kunyonyesha hakukuzuii kuchanjwa. Ukija kubeba mimba nyingine, choma ukiwa mjamzito, kinga inavuka mpaka kwa mtoto na inamsaidia miezi ile ya mwanzo. Mama mkwe, kwa heshima zote, yeye ndo wa mbele kwenye foleni, flu na korona zote, kisukari sio cha kuchezea kwenye magonjwa haya mawili.

Korona kwa watoto sitakukimbiza. WHO tangu Machi 2023 wanawahesabu watoto na vijana wenye afya, miezi 6 mpaka miaka 17, kwenye kundi la kipaumbele cha chini, wenye maradhi ya kudumu wapo kundi la kati, nchi zinaamua zenyewe. Kwahiyo huyo wa pumu ongea na daktari wake, huyo wa miaka 3 kama ni mzima nguvu zako peleka kwenye flu.

Chanjo ya flu usiitafute kwenye kadi ya kliniki, haimo, ni ya kununua. Na isikuchanganye ile Penta, chanjo ya kliniki ambayo ndani yake kuna kinga ya Haemophilus influenzae, kuna mama aliniambia "wangu alishapata ya influenzae", ile ni bakteria, flu ni kirusi, ni vitu viwili tofauti kabisa. Lakini Penta na PCV (chanjo ya nimonia) za wiki ya 6, 10 na 14 hakikisha kichanga anazo zote, maana mtoto mwenye flu anaweza kumalizwa na nimonia ya bakteria inayokuja juu yake. Ukienda kununua ya flu uliza boksi, soma msimu ulioandikwa, virusi vya kuweka ndani vinapangwa upya mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa nusu ya kusini, ya mwaka juzi sio ya kuchoma. Na inakaa nyuzi 2 mpaka 8, friji la soda lisilo na kipimajoto halihesabiki, kama umeme ulikatika usiku kucha huyo muuzaji hawezi kukwambia.

Sasa siripu. Kinga sio tenki la maji kwamba ukimimina siripu linajaa. Mwili unajifunza kumtambua adui mmoja mmoja, hakuna siripu inayomfundisha mtoto influenza ni ipi. Nyingi ni vitamini na sukari, na hela yake ukihesabu miezi mitatu unakaribia bei ya chanjo. Kujifukiza nako kwa mtoto sitaki kusikia, sufuria la maji ya moto chini ya blanketi na mtoto anayerusha miguu, wodi ya majeraha ya moto ndo inawapokea.

Hao wa siripu afadhali. Wa kuwaogopa ni wenye "sindano ya kukata mafua". Mama anapita duka la dawa, mtoto ana homa, anachomwa mchanganyiko ambao hata jina lake halijui, jioni homa imeshuka, mtoto anacheza anaomba ugali, mama anarudi kumshukuru jamaa na anawaambia majirani kumi. Mara nyingi humo ndani kuna steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe mwilini, deksamethasoni au ndugu zake. Hii dawa ilipata umaarufu Juni 2020 baada ya utafiti mkubwa wa Uingereza kuonyesha inapunguza vifo vya korona, ila kwa waliokuwa kwenye oksijeni na mashine, wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Hiyo sentensi ya pili haikufika mtaani. Kwa mtoto mwenye flu inafunika dalili, anaonekana amepona huku nimonia inajipanga, siku ya nne analetwa amechoka. Wakimwongezea na zile antibayotiki za vidonge vitatu ndo wanadhani wametibu, na flu ni kirusi, antibayotiki haikigusi. Aspirini ndo usimpe kabisa mtoto mwenye flu, inaweza kuleta ugonjwa unaoitwa Reye, unaharibu ini na ubongo.

Mtoto akipata homa, nenda apimwe malaria kwanza, usiambiwe malaria kwa macho. Mpe parasetamoli kwa uzito wake, maji kwa wakubwa, ziwa la mama kwa kichanga. Akitulia hesabu pumzi dakika nzima: kichanga wako zikifika 50 au wa miaka 3 zikifika 40, au mbavu zinabonyea, au hanyonyi, au kapata degedege, usipitie dukani, nenda hospitali muda huohuo. Na popote mtoto atakapochomwa sindano, mwambie aliyechoma akuandikie jina la dawa na dozi kwenye karatasi. Akikataa kuandika, usilipe, mchukue mtoto mwende kituo cha afya na uwaambie huko amechomwa kitu usichokijua.