Majaribio ya Seva Yanayofaulu Leo na Kufeli Kesho

SWALI: Ninaandika seva ndogo ya wavuti. Kila jaribio langu huiwasha seva nzima, hufungua porti, hutuma ombi, kisha hulinganisha jibu lote na maandishi niliyoyahifadhi. Mara hufaulu, mara hufeli, ilhali msimbo sijaugusa. Nimekosea wapi?

JIBU: Tuanze na ulinganishaji. Kichwa cha Date (vichwa ni mistari ya taarifa inayotangulia mwili wa jibu) hubeba saa ya wakati ule, kwa hiyo maandishi uliyoyahifadhi yalichakaa sekunde iliyofuata. Iache seva ipewe saa kutoka nje, ili jaribio liweze kuisimamisha saa hiyo na kudai umbo kamili, kama vile «Sun, 06 Nov 1994 08:49:37 GMT». Vichwa vingine vichunguze kimoja kimoja bila kujali herufi kubwa au ndogo katika majina yake, kwa kuwa itifaki ya HTTP, yaani kanuni za mazungumzo ya wavuti, haizitofautishi.

Lakini linalonitia shaka zaidi ni usomaji wa ombi, ambao jaribio lako haliugusi ipasavyo. TCP, itifaki inayosafirisha data za HTTP mtandaoni, huleta mkondo wa baiti na haiahidi kamwe kwamba ombi litafika kwa kipande kimoja. Kwenye kompyuta yako linafika zima kwa bahati tu. Kitenge kichanganuzi (sehemu inayosoma na kufasiri ombi) na soketi (mlango wa mtandao), kiwe kinapokea baiti na kurudisha ombi, kosa, au taarifa kwamba bado zinahitajika nyingine. Kisha chukua ombi sahihi la baiti 60, ulikate baada ya baiti ya kwanza, ya pili, hadi ya 59, na kila mara udai matokeo yaleyale. Kitanzi hicho kifupi hufichua mengi, hasa pale mkato unapoangukia kati ya baiti 13 na 10 zinazofunga mstari.

Maombi mabovu nayo yanastahili majaribio yake. Kwa mujibu wa RFC 9112 ya mwaka 2022, waraka wa kanuni za HTTP/1.1, ombi la HTTP/1.1 lisilo na kichwa cha Host (jina la tovuti inayoombwa), au lenye Host mbili, hujibiwa 400, yaani ombi baya. Vivyo hivyo lenye nafasi kati ya jina la kichwa na nukta mbili zake. Lenye Content-Length (urefu wa mwili kwa baiti) pamoja na Transfer-Encoding (namna mwili unavyosafirishwa) mimi ningelikataa papo hapo, maana ndiyo njia ya kupenyeza ombi ndani ya ombi.

Hatimaye, jaribu jibu ambalo mwili wake ni neno «café» pekee: katika UTF-8, njia ya kuandika herufi kwa baiti, Content-Length yake ni 5, si 4, kwa kuwa é huchukua baiti mbili.