Muulize Fundi: TN, IPS ama VA, nibebe monita gani?

SWALI: Fundi, salaam. Mimi nafanya dizaini ya mabango, kadi za harusi na kalenda pale Nasser Road, Kampala. Laptop yangu kioo kimeanza kufa upande mmoja, nikaona bora ninunue monita niichomeke. Nimepata mbili. Moja ni yuzidi (iliyokwisha tumika), inchi 24, imetoka Ulaya, wanataka laki mbili na nusu. Nyingine ni mpya, inchi 22, imeandikwa IPS kwa boksi, laki nne na themanini. Muuzaji ananiambia "ssebo (bwana), zote ni LED, ni sawa tu, usijisumbue." Ni kweli? Juzi pia mteja alikataa mabango yake, anasema manjano imetoka kama haradali na picha zote giza giza, sijui ni kioo changu ama ni mashine ya kuprinti.
(Mdizaina, Kampala)

JIBU: Ndugu yangu, huyo muuzaji hajakudanganya ila pia hajakuambia kitu. LED wanayoandika kwa maboksi ni ile taa ya nyuma tu, zamani waliweka vijitaa vyembamba vya flurosenti, siku hizi wanaweka LED, basi, hakuna zaidi. Rangi inatengenezwa na paneli iliyo mbele ya hiyo taa na hapo ndio utasikia TN, IPS na VA, ndizo aina za paneli, kwa hiyo ya TN ni LED, ya IPS ni LED na ya VA pia ni LED. Ukiuliza swali la taa utajibiwa habari za taa.

Ndani ya paneli kuna kimiminika chenye fuwele kimebanwa kati ya vioo viwili, umeme ukizigusa fuwele zinageuka, zinaachia mwanga upite ama zinauzuia, chukulia vile vibao vya dirisha la luva. Ugomvi wote ni zinageukaje. Kwenye TN zimejisokota nyuzi 90 kutoka kioo cha nyuma mpaka cha mbele, umeme ukija zinanyooka zinakuelekea wewe uliyekaa, sasa ukihama kidogo tu mwanga unaokufikia si ule tena. Hiyo ni teknolojia ya tangu miaka ya 1970, ndio ilikuwa kwenye saa za mkononi na kalkuleta. IPS ilipoletwa sokoni na Hitachi ya Japani mwaka 1996 ilikuja kutibu hasa huo ugonjwa, fuwele zake zinalala sambamba na kioo na zinazungukia palepale zilipolala, wa pembeni na wa katikati wanaona karibu kitu kimoja. Fuwele za VA bila umeme zinasimama wima juu ya kioo, hazilali, na kuziba mwanga, ndio maana weusi wake ni mweusi kweli, nitarudi kwake kwa swali linalofuata.

Sasa kazi yako. Usiende dukani mikono mitupu, beba flashi yenye vitu viwili: picha ya sura ya mtu na lile bango lenye manjano lililokataliwa. Mwambie muuzaji akufungulie kimoja kimoja kijaze skrini yote, ukae sawasawa uangalie, halafu jishushe polepole kwenye kiti mpaka macho yafike usawa wa ukingo wa chini wa monita. Kama ni TN utaiona yenyewe bila kuambiwa, sura inaanza kuwa nyeusi, kivuli cha shavu kinageuka kinang'aa kama negativu ya filamu za zamani. Na hata ukikaa wima bado kuna shida, kwa sababu kwenye inchi 24 macho yako yanaona ukingo wa juu kwa pembe moja na wa chini kwa pembe nyingine, hivyo manjano ileile moja uliyomwaga bango zima juu inaonekana hivi na chini vile. Utachagua ipi umpe mteja? Laptop nyingi za bei ya chini zina TN, sishangai haradali imekupata.

Kuna na hili la biti, yaani skrini inaweza kutoa hatua ngapi za kila rangi. TN nyingi, na IPS zingine za bei nafuu, zina biti 6 kwa kila rangi ya msingi, hiyo ni rangi 262,144, zilizobaki zinaigizwa kwa kupepesa pikseli haraka haraka. Biti 8 ni kama milioni 16.7. Kwa barua na hesabu hutaona kitu, lakini kadi ya harusi yenye rangi inayofifia toka zambarau kwenda nyeupe unaweza kuona mistari mistari kama ngazi. Na kwa karatasi ya maelezo tafuta sRGB (kipimo cha upana wa rangi ambazo skrini inaweza kuonyesha) asilimia 99 ama zaidi, wengine wanatumia kipimo kingine cha rangi, wanaandika 72% NTSC ambayo ni karibu kitu kilekile. Ukiona 45% NTSC, hata kama ni IPS, iache hapo, hiyo haifai kazi ya rangi.

Lakini usikimbilie ile mpya bado! Geuza ile yuzidi usome namba ya modeli kwa stika ya nyuma, isake kwa simu ukiwa hapohapo umesimama. Mfano Dell U2412M ni IPS na Dell P2412H ni TN, zote inchi 24, zote za enzi moja, zote nyeusi, zinaweza kuwa zimepangwa kwa shelfu moja kwa bei moja na mwenye duka hajui tofauti. Ikiwa ni ile ya U, bila mchezo ningechukua hiyo yuzidi, inchi mbili zaidi na karibu nusu ya bei, hela inayobaki ununue wino. Ikiwa ni ile ya P, lipa laki nne na themanini. Na yuzidi uiwashe angalau nusu saa, taa iliyochoka inaanza kuwa ya njano ama inacheza cheza ikishapata moto.

Lile la giza sasa halitokani na paneli. Monita zinakuja na mwanga umepandishwa, nyingi zinafika niti (kipimo cha mwangaza) 250 mpaka 300, na watu wa uchapaji wanafanyia kazi kwenye 80 mpaka 120 hivi. Wewe unaona picha inawaka unairidhia, karatasi haina taa nyuma yake, inatoka kiza. Shusha mwanga mpaka nyeupe ya skrini ifanane na karatasi nyeupe uliyoishika kando yake mchana, ndipo uanze kurekebisha picha. Na kuna rangi hazitafanana hata ununue monita ya mamilioni, kioo kinachanganya nyekundu, kijani na bluu, mashine inachanganya wino, ile bluu kali ya kuwaka haipo kwenye wino. Mwambie mteja mapema na umtolee kopi moja asaini kabla hujachapa zote.

SWALI: Nina kibanda cha filamu Arua, watu wanakuja kwa filamu za veejay (zenye mtu anayetafsiri kwa sauti yake) na mpira wa Uingereza. Skrini yangu imekufa. Kijana mmoja ananiambia nitafute VA, mwingine anasema OLED ndio baba yao. Nifuate nani?
(Mwenye kibanda, Arua)

JIBU: Mzee wangu, kwanza usinunue monita, nunua TV, monita nyingi hazina spika ya maana. Lakini paneli ni zilezile, TV nazo ni VA ama IPS, na bahati mbaya modeli moja inaweza kuwa na paneli hii kwa inchi 43 na ile nyingine kwa inchi 50, kwa hiyo jaribu saizi yenyewe unayonunua.

Kijana wa kwanza ana pointi. Kontrasti, yaani nyeupe inaizidi nyeusi mara ngapi kwa mwanga, ya VA kwa kawaida inaanzia 3000 kwa 1, IPS nyingi ziko 1000 kwa 1. Mchana dukani hutaona tofauti, lakini kibandani umefunga mapazia, filamu ni ya usiku msituni, IPS nyeusi yake inakuwa kijivu na kona zinang'aa kama kuna mtu na tochi nyuma. VA hapo inakaa vizuri sana. Shida ni wale wa benchi za pembeni, VA ukiiangalia kwa upande rangi zinapauka. Utaona wote wameandika nyuzi 178, usiiamini, hiyo namba wanapima mpaka kontrasti ishuke ifike 10 kwa 1, na 10 kwa 1 ni picha mbovu tayari. Kibanda kirefu chembamba chenye benchi zimepangwa moja nyuma ya nyingine, VA. Kibanda kipana watu wanakaa mpaka ukutani huku na huku, IPS, uvumilie weusi.

OLED ni nzuri kupita zote, kila pikseli inajiwakia yenyewe na ikizima imezima kabisa, lakini wewe utaweka mpira wikendi nzima na ile namba ya magoli imekaa kona ileile masaa na masaa, ikijichora kwa kioo haitoki. Na bei yenyewe unaijua.

SWALI: Fundi niaje, nina PS4 na nimeona monita ya kujipinda ya VA, 165 hezi, watu wanasema gemu itakuwa laini kama maji. Nivute?
(Gema, Mbale)

JIBU: Mdogo wangu, PS4 inatoa hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, imeishia hapo, hizo 105 zingine utazilipia zikae bure. Ungekuwa na kompyuta yenye kadi kali ya picha ningekuambia mengine. Halafu VA nyingi za bei ya chini fuwele zake zinachelewa kwenye rangi za giza, ukizungusha kamera usiku unaona kivuli cheusi kinafuata kitu nyuma yake. Wengine hawajali, mimi inanikera. IPS ya kawaida ya hezi 60 ama 75 inakutosha, ongeza pedi ya pili ucheze na mwenzako.

SWALI: Nina duka la kutaipu na mobile money Busia. Nimepewa monita ya mraba inchi 17, ya kitambo, wanasema ni TN. Niitupe?
(Mama wa duka, Busia)

JIBU: Usitupe mama! Wewe unataipu barua na kujaza fomu umekaa mbele yake peke yako, TN haina tatizo hapo, na kwa kaunta kuna hata faida yake, mteja aliyesimama pembeni hasomi vizuri namba za watu. Iinamishe tu ikuelekee macho. Nyingi za aina hiyo ni pikseli 1280 kwa 1024, maandishi yanakuwa makubwa, macho hayachoki. Angalia nyuma, pengine ina tundu la VGA tu, lile la bluu lenye pini 15, na kompyuta yako ikiwa na HDMI peke yake utahitaji adapta. Usichukue ile waya tupu ya HDMI kwenda VGA wanayouza rahisi, haibadilishi kitu, chukua ile yenye kichwa kinene chenye chipu ndani, na kompyuta uibebe hapo dukani uone picha imetokea kabla hujatoa hela.