Moyo hauna maoni, mwanangu

Akinyi mwanangu,

Ujumbe wako nilimsomea mama yako kwa sauti, akacheka, akaingia jikoni akaniachia mzigo. Unauliza: kama moyo unakuenda mbio na viganja vinakutoka jasho kila huyo kijana anapopiga simu, je, hiyo si dalili kwamba ndiye? Nitakujibu, ila turudi kwanza pale pale nilipokuwa nikikuchosha ukiwa darasa la sita. Moyo ni msuli. Hauna maoni.

Mengi yanayokupata yanatoka juu ya figo. Pale pana tezi mbili ndogo, moja kila upande, na ubongo ukihisi kuna jambo, zinamwaga adrenalini kwenye damu. Mapigo yanapanda, ini linaachilia sukari, damu inapungua tumboni na kuongezeka misulini. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1915. Alisisitiza kwamba mwenye hofu na mwenye hasira, kwa ndani, wanafanana mno. Kwa hiyo jasho la viganja peke yake halikuambii kitu. Siku ya intavyuu ya benki si ulitoka jasho hivyo hivyo, na meneja hukumpenda?

Hadithi ya mashua unaijua, lakini uliisikia kwa mama yako, kwa hiyo huijui.

Nilikuwa navuka Ziwa Victoria, natoka Luanda K'Otieno kwenda Mbita, barua ya kupangiwa shule iko mfukoni, na upepo wa alasiri umeshaamka. Katikati ya maji injini ikakohoa, ikazima. Mashua ikageuka ubavu, mawimbi yakaanza kuingia, nahodha anavuta kamba ya injini huku akiitukana. Hakuna aliyevaa boya. Msichana aliyekaa kando yangu na beseni la nyanya magotini akanishika mkono wa shati, akauvuta hadi kifungo kikakatika, kikaangukia kwenye maji yaliyojaa miguuni. Akakitafuta kwa vidole, mashua inayumba, watu wanaomba Mungu kwa sauti, yeye anapapasa kifungo. Hakukipata. Akaniambia, "Pole, mwalimu, nitakushonea kingine." Nilikuwa sijamwambia mtu kwamba mimi ni mwalimu. Mpaka leo anasema ni zile kalamu mfukoni.

Injini ilipowaka, nilimtazama nikaona sijawahi kukutana na mtu mzuri kama yule.

Sasa sikiliza kilichonikera. Miaka mingi baadaye nikasoma juu ya Dutton na Aron, wanasaikolojia waliofanya jaribio mwaka 1974 kwenye daraja la Capilano, Kanada. Ni daraja la mbao na nyaya za chuma, linaning'inia kama mita 70 juu ya mto. Mwanamke aliwasimamisha wanaume wanaovuka, akawauliza maswali, akawapa namba yake ya simu. Kati ya 18 walioichukua darajani, 9 walimpigia. Kwenye daraja jingine, imara na la chini, walioichukua ni 16, waliopiga ni 2. Woga ulijifanya mapenzi. Nilifunga kitabu kwa hasira. Ina maana ni tezi za figo zilizoniozesha mke?

Lakini siku ile mashuani, upande wangu wa pili alikaa mzee mwenye jogoo, naye alining'ang'ania vilevile, na kwao sikupeleka posa. Halafu kuna jaribio la 1981: wanaume walikimbia mahali pamoja bila kusogea, kisha wakaonyeshwa video ya mwanamke. Waliokimbia zaidi walimpenda zaidi aliyepambwa akapendeza. Alipofanywa asipendeze, ndio waliomchukia zaidi. Mapigo yanakuza tu kilichopo. Hilo lilinifariji wiki nzima, kisha likanisumbua tena, maana kitu kidogo kikikuzwa nacho huonekana kikubwa, na aliye ndani ya mashua hana namna ya kupima.

Kwa hiyo mimi sihesabu siku ya mashua, ingawa ndiyo ninayopenda kuisimulia. Nahesabu ile Jumamosi alipokuja shuleni na sindano na kifungo cha kahawia kwenye shati la bluu. Aliketi kwenye ngazi za stafurumu akashona bila haraka, akauma uzi kwa meno. Ziwa lilikuwa shwari. Moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, na bado nilitaka uzi usiishe.

Wewe umeniandikia habari za simu tu. Hujaniambia ukiketi naye mkichambua sukuma wiki, hakuna wa kumwonyesha kitu, unajisikiaje. Umeandika pia, kwa kupitia tu kama jambo dogo, kwamba yeye hupotea siku kadhaa bila neno kisha anapiga usiku. Mwanangu, mtu akikufanyia hivyo, simu ikilia hata mimi jasho litanitoka. Adrenalini haiulizi kama unangoja mpenzi au unangoja daktari.

Basi, nisiendelee. Mama yako amesimama nyuma yangu, amenikataza nisitoe uamuzi juu ya kijana wa watu ambaye nimemwona Pasaka tu, tena alikula vizuri na kumsalimu bibi yako kwa heshima. Nakubali, alimsalimu vizuri. Uamuzi sitoi. Lakini Alhamisi mama yako huenda soko la Kibuye kununua mitumba na hurudi jioni, na simu yangu huwa na chaji.

Ni mimi baba yako.