Maswali ya Wasomaji: Aloha na ile asilimia 18

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma diploma ya mawasiliano, tumefundishwa Aloha (njia ya watu wengi kutumia chaneli moja ya redio) na ticha kaandika ubaoni eti chaneli ikijitahidi sana inapitisha asilimia 18 tu ya uwezo wake. Sasa nani alikubali kujenga mtandao wa hivyo? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ticha yuko sawa, ni 18.4, ila hiyo namba inatisha watu bure. Aloha ilianza kazi 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake walitaka watu wa visiwa vingine watumie kompyuta ya Honolulu kwa redio, spidi biti 9,600 kwa sekunde, basi. Na mtu aliyekaa kwenye terminali (kifaa cha kutumia kompyuta ya mbali) anaandika kidogo ananyamaza sana, ukimpa masafa yake peke yake yanalala karibu siku nzima, kwa hiyo wakaona bora kila mwenye pakiti (kifurushi cha data) arushe tu, asipojibiwa asubiri muda wa kubahatisha arushe tena.

Hasara inatoka hapa: pakiti yako ikichukua sekunde moja, ili ipone asiwepo aliyeanza ndani ya sekunde moja kabla yako wala ndani ya sekunde moja baada yako, yaani muda wa hatari ni mara mbili ya urefu wa pakiti. 1972 Lawrence Roberts akashauri muda ukatwe vipande, kila mtu aanze mwanzo wa kipande tu, hatari ikapungua nusu na kilele (kiwango cha juu kabisa kinachopita) kikafika asilimia 36.8. Hapo kileleni kati ya vipande 100 kama 37 vinapita, 37 vitupu kabisa na 26 watu wamegongana.

Mi naona kilele siyo ishu, ishu ni ukikipita. Majaribio ya kurusha yakifika wastani wa mawili kwa kipande inashuka hadi asilimia 27, yakifika manne inabaki 7, na walioshindwa ndo haohao wanarudi kujaribu, mzigo unajizalisha wenyewe!! Simu za GSM (2G) zinaomba nafasi kwa mnara kwa staili hiyohiyo ya vipande, ndo sababu mojawapo uwanja ukijaa unaona netiweki imejaa na simu haitoki. Etheneti yenyewe (mtandao wa kompyuta za ofisini) ya zamani ya waya mmoja ilikuwa inasikiliza kwanza kama waya uko kimya, na ikigongana inaongeza mara mbili ukomo wa muda wa kusubiri.

Ila kwenye mtihani usisahau kuandika kwamba 36.8 ni ya watumiaji wengi sana wasiosubiriana, maana wakiwa wawili tu na kila mmoja anarusha nusu ya vipande kwa kubahatisha, inafika asilimia 50.