Mikve ya wakimbizi baada ya vita
Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakimbizi wa Kiyahudi nchini Ujerumani walikuwa na mikve, yaani birika kubwa la kuzama ili kujitakasa kidini, hata kambini. Ile ya Föhrenwald, kusini mwa Munich, ilikuwa ndani ya jengo la bafu la kambi. Wakazi wa leo waliunda chama wakaliokoa jengo hilo lisibomolewe, na tangu 2018 ni makumbusho. Wanaosema ilikuwa anasa wanakosea sana: bila mikve, mke na mume washika dini hawawezi kukaribiana baada ya hedhi, na Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi walikuwa wanaoana kwa wingi. Sheria ya Kiyahudi huitanguliza mikve hata mbele ya sinagogi. Ila maji ya bomba pekee hayatoshi, lazima yawepo ya mvua au chemchemi.