Mashine ya kukereza ya zamani: ipime kabla hujaifungua

Wiki hii nimetumiwa picha ya mashine ya kukereza vyuma iliyoliwa na kutu, na chini yake swali moja tu: "Nipake rangi gani?" Ndugu yangu, rangi ni ya mwisho kabisa. Mashine inayong'aa huku inakereza mshazari ni pambo zito tu.

Ipime ikiwa bado nzima. Kaza skrubu za kibebeo cha kisu mpaka kiteleze kwa ugumu kidogo karibu na chaki (kishikio chenye taya kinachozungusha kazi), kisha kisukume polepole kuelekea mkiani, yaani ncha ya pili ya mashine. Kikikwama njiani, kitanda (reli ambazo kibebeo huteleza juu yake) kimelika upande wa chaki, kwa sababu kazi nyingi hufanyikia hapo. Kukaza hakutibu: ukikaza huku, kule kinaganda.

Sasa spindo, ule mhimili unaozungusha chaki. Saa ya kupimia iguse shingo ya spindo yenyewe, maana chaki ina makosa yake. Inyanyue spindo kwa kipande cha mbao. Mshale ukisogea 0.02 au 0.03 mm, shukuru. Ukifika 0.1, beringi zinataka kurekebishwa au kubadilishwa. Mpini wa slaidi (sehemu inayosogeza kisu ndani na nje) ukizunguka bure zaidi ya nusu milimita, itazame nati ya shaba iliyo kwenye skrubu ya slaidi. Ni laini kuliko skrubu yake, na ndiyo huisha kwanza.

Kwenye chaki iliyoganda ndipo watu wanapoua mashine. Chaki nyingi za zamani hufungwa kwa uzi wa skrubu. Mtu anaifunga spindo kwa kuingiza gia za nyuma (zile za kupunguza mwendo) na pini inayounganisha puli na spindo kwa pamoja, halafu anavuta kwa bomba refu. Meno ya gia ni chuma cha kusubu. Yanakatika kama biskuti, na hapo umetengeneza tatizo kubwa kuliko lile la mwanzo. Tia mafuta mepesi kwenye uzi, acha usiku kucha. Zitenganishe gia za nyuma zisishikane, weka gogo la mbao ngumu juu ya kitanda upande wa nyuma, panua taya moja, kisha vuta puli kwa mkono, kinyumenyume, kwa mshtuko, taya igonge gogo. Rudia. Uvumilivu ni nusu ya ufundi huu.

Pini za kuunganishia nyingi zina umbo la kabari: tafuta ncha nyembamba ugonge hapo. Ukigonga ile nene unazidi kuikaza.

Vipande vidogo vyenye kutu vitumbukize kwenye maji yenye soda ya kufulia, kijiko kikubwa kimoja kwa lita, na chaja ya betri ya volti 12. Kipande kiwe kwenye hasi, chuma chakavu cha kawaida kwenye chanya. Chuma kisichoshika kutu usikiweke kwenye chanya kamwe, kinatoa kromu yenye sumu. Fanyia nje, gesi inayotoka inalipuka. Alumini isiingie humo.

Kitanda ni habari nyingine: wembe uliolazwa na mafuta, basi. Msasa huacha chembe ndani ya chuma, nazo zinaendelea kusaga kila kibebeo kinapopita. Grisi nayo hukamata vumbi la chuma; tumia mafuta ya slaidi ya daraja la unene la 68.

Ukishaiunganisha mashine tena, shika kwenye chaki fimbo ya mm 30 itokeze mm 150, bila kuishikiza mkiani. Punguza katikati, uache pete mbili: moja karibu na chaki, nyingine mwishoni. Zipitishe kisu zote mbili kwa mkato mmoja mwepesi wa 0.1 mm bila kugusa mpini wa slaidi, uzipime kwa maikromita. Tofauti ikizidi 0.02 mm, kitanda kimejipinda. Pete ya mwisho ikiwa nene zaidi, inua kidogo mguu wa mbele wa upande wa mkia kwa bati jembamba, kaza bolti, kereza tena. Ikiwa nyembamba, inua wa nyuma. Pete zikilingana, lete rangi.